Bawa la Nne la Kipepeo wa Uzi

Mama Kavata mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kibanda changu cha kuchongea, mahali ulikonikataza kunywea chai kwa sababu vumbi la mbao linaingia kikombeni. Leo nimeinywea hapa hapa, na vumbi lake. Nani wa kunigombeza? Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kujifanyia ninavyotaka, na nikwambie ukweli, haina raha. Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini yako siijui, na yangu nadhani unaiona vizuri kutoka huko uliko, kwa hivyo hayo tuyaache. Nina habari ya kukupa, na ni kubwa. Ila unanijua. Siwezi kumpa mtu habari kabla sijazunguka nayo kwanza, na wewe ulikuwa ukiniambia, "Baba Kavata, sema basi, chakula kinapoa." Leo hakuna chakula kinachopoa. Vumilia.

Nataka tuanzie kwa yule kipepeo.

Lakini hata kabla ya kipepeo, unakumbuka ulivyokuja kutoka Mukuyuni? Watu wa Mutomo walikuja kumwona bi harusi, wakaona sanduku. Shangazi zangu walilifungua wakitarajia sufuria na mashuka. Wapi! Vitambaa vitupu. Vya viti, vya meza, vya kufunika mtungi, vya kuweka chini ya taa, vyote umevifuma kwa mkono wako, na kimoja cha kufunika redio, na redio hatukuwa nayo. Nilikuuliza, "Na hiki cha redio tutafunika nini?" Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Utanunua redio." Nilinunua, si nilinunua? Ilichukua muda, lakini siku niliyoileta nyumbani ilikuta nguo yake inaisubiri.

Baada ya mwaka mmoja nyumba yetu ilikuwa imevaa kuliko mimi. Nikakuuliza mbele ya wageni, "Na mimi utanipamba lini?" Ukanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa utaratibu, ukasema, "Wewe acha tu. Kuna vitu havipambiki." Wageni walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Nilijifanya nimekasirika. Ndani yangu nilikuwa nafurahi sana, nikijiambia, nimepata mtu wa kushindana naye maisha yangu yote. Sikujua maisha yako yangekuwa mafupi kuliko yangu.

Halafu ile sindano yako ya kufumia ikakatika ncha, ile uliyotoka nayo kwenu. Ulikaa siku nzima umenuna kama umefiwa. Dukani Mutomo hawakuwa nazo, na mimi mdomo wangu haukunisaidia, nikasema ni sindano tu. Aiyai! Ulivyonitazama! Nikaenda nje kwa baiskeli yangu, nikang'oa spoki moja ya gurudumu la nyuma, nikaipiga tupa, nikaikunja kichwani kijindoano kidogo, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, nikaitilia mpini wa mpingo uliobaki kwenye kazi yangu ya kuchonga twiga. Ulichukua, ukafuma mistari miwili mitatu, ukasema, "Inateleza vizuri." Basi. Hakuna asante. Lakini jirani alipokuja kuiazima ulimwambia sindano hii haitoki hapa nyumbani, na mimi niliyekuwa nyuma ya mlango nilisikia. Baiskeli iliendelea kulia kwi-kwi njia nzima hadi Kitui mjini, na kila ikilia nacheka peke yangu.

Ni kwa sindano hiyo ulianza kufuma vipepeo. Nadhani uliwapata kwa wale wa kweli, wale weupe wanaopita kwa makundi mvua inapokaribia, halafu ikishanyesha unawakuta wa njano wamekaa kwenye matope wakinywa maji. Ulikuwa unachuchumaa pale kando ya dimbwi kama mtoto, kanga inalowa, unawatazama mabawa. Ukaja ukafanya wako, mdogo wa kutosha kiganjani, amenona, wa kuning'inizwa kwenye pazia la mlango. Haukupita muda hakuna bi harusi aliyeolewa Mutomo bila vipepeo wako wawili mlangoni.

Nilikuwa nakutazama ukifanya kazi kuliko ulivyodhani. Ulianza na vitanzi vichache tu, ukavifunga duara, kisha ukazunguka, ukazunguka, ukiongeza kitanzi hapa na kitanzi pale mpaka bawa linafunguka. Ukitoa uso mmoja, unatoa mwenzake sawasawa, unazishonanisha ukingoni, na kabla ya kufunga unajaza pamba, ile ya shamba la baba yako, uliyoichambua mbegu kwa vidole. Kila bawa peke yake. Mwili unafuata, mrefu kama kidole gumba, kisha masharubu mawili uliyoyachovya kwenye maji ya sukari ili yasimame. Nilikwambia wewe na mimi tunafanya kazi kinyume. Mimi kazi yangu ni kuondoa. Nikikosea, naondoa zaidi. Twiga akiharibika anakuwa paa, paa akiharibika anakuwa kijiko, na kijiko hakikosi mnunuzi. Ukaniuliza, "Na kijiko kikiharibika?" Nikasema, "Kinapika chai." Ulipenda sana hilo jibu. Uliwaambia hadi watu wa kwenu.

Sasa nafika mahali ambapo sisi wawili hatukuwa tukipazungumzia.

Wale watoto wawili wa kwanza. Wote walizaliwa nyumbani, wote waliondoka kabla hatujawapa jina. Na unajua kwetu ilivyokuwa: mtoto asiye na jina ni mgeni. Anaweza kukaa, anaweza kurudi alikotoka, na akirudi hakuna anayelia kwa sauti. Wanawake walikuja, wakakaa na wewe kidogo, wakasema utapata mwingine, wakaenda zao kuchota maji. Siku moja nilikusikia jikoni umeanza kulia. Ulisema, "Uui, mwanangu, we..." ukanyamaza hapo, kwa sababu hukujua umwite nani. Nilisimama nje na tezo yangu ya kuchongea mkononi. Nilitaka kuingia, sikuingia. Hicho kilio kilichokatika katikati kiliniuma kuliko misiba mingi niliyohudhuria tangu hapo.

Kwa hivyo ulipopata mimba ya tatu, wewe uliyepamba Mutomo yote, hukufuma hata soksi. Mtoto hatayarishiwi kabla hajafika, hiyo ni desturi, lakini wewe uliogopa kupita desturi. Uzi wako wa njano wa vipepeo uliuficha juu darini, usiuone. Nami sikukuuliza.

Naye akaja kabla ya wakati wake. Bahati yetu ni kwamba hospitali ya misheni ilikuwa karibu, nikakufikisha kwa mkokoteni wa jirani na punda wake mkaidi, wewe unalia, mimi namtukana punda. Walikupasua tumbo kumtoa, na jioni wakaniita kumwona. Alikuwa ndani ya sanduku la vioo lenye joto, mdogo, Mama Kavata, mdogo kiasi kwamba nilitazama mikono yangu hii nikaificha nyuma. Alikuwa anahema kwa haraka, kisha anapumzika kidogo, kisha anakumbuka tena. Kila akipumzika, na mimi pumzi inasimama. Sista aliyekuwa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliniambia, "Mzee, mtoto ni mchanga sana. Tunafanya yote. Nawe omba." Nilikuwa kijana bado, lakini siku hiyo aliniita mzee na sikubisha.

Wewe ulikuwa kitandani na homa. Nilipokwambia nimemwona hukuniuliza kama ni mzuri, hukuniuliza anafanana na nani. Ulinishika mkono wa shati ukasema, "Huyu asiondoke bila jina. Kama ni kuondoka, aondoke anaitwa kitu. Umesikia?" Nilisikia. Mpaka leo nasikia.

Mama yangu alifika kutoka nyumbani na ithaa kwenye fundo la kanga yake, ule mkufu mdogo wa shanga ambao baba humvisha mtoto shingoni siku ya jina, ili ijulikane sasa si mgeni tena, ni wetu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, na mchungaji wetu mambo ya ithaa hakuyapenda, lakini nani angemwambia mama yangu? Alikwenda moja kwa moja kwa sista akamwonyesha shanga. Sista akasema kwa heshima zote kwamba ndani ya lile sanduku haiingii shanga, haiingii kamba, hata kidole cha baba hakiingii. Mama akakaa chini kwenye sakafu ya wodi, miguu ameinyoosha, akasema, "Basi mjukuu wangu anakaa mgeni." Nami nikajua wewe kitandani umelisikia hilo neno, maana ulifumba macho.

Kisha ukayafungua, ukamwita sista. "Na kitu cha uzi? Kikikaa nje ya kioo?" Sista akafikiri, akasema kikioshwa kwa sabuni na kukaushwa juani, na kikae nje, hana neno. Mama yangu akainua kidole. "Ithaa ni ya mkono wa baba. Kama baba yake hajatia mkono, hilo ni pambo la mlango tu." Wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya kupanga bei sokoni, "Mwili nitafanya mimi. Mabawa matatu nitafanya mimi. La nne ni lake."

Kila mwanamke mle ndani aligeuka kunitazama. Nikajitazama na mimi.

Nikarudi nyumbani, nikapanda darini, nikashusha uzi. Ulifanya sehemu yako ukiwa umeegemea mto, homa inapanda na kushuka, jasho linakutoka, unafuma kidogo, unalala kidogo, unaamka unaendelea pale pale ulipoachia bila kutafuta. Mimi nilikuwa nakwenda dirishani kwa sanduku la vioo na kurudi kukuletea habari. Bado anahema. Bado anahema. Kulikuwa na asubuhi moja sista alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida, na aliponiona akasema, "Kama kuna jambo mnataka kumfanyia, msichelewe." Mabawa matatu yalikuwa tayari kitandani. Nikachukua sindano.

Nilidhani najua. Ndiyo shida ya kukaa na fundi miaka mingi, unadhani kazi yake imekuingia kwa kutazama. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lako, nikafunga vitanzi vyangu duara, nikazunguka kama nilivyokuona ukizunguka. Na lilikuwa linakuja, haki ya Mungu lilikuwa linakuja! Uso wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, nikashonanisha, nikajaza pamba. Ila upande mmoja palikuwa na nundu. Nilikuwa nimeongeza vitanzi vingi mno mahali pamoja, bawa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikaligeuza, nikalitazama. Mimi ni mchonga miti, na mchonga miti akiona nundu anajua la kufanya. Nikatoa kisu changu mfukoni, kile kikali cha kutengenezea masikio ya twiga, nikaikata ile nundu, fyu, safi kabisa. Kukabaki kijiuzi kimoja kinaning'inia. Nikakivuta ili kazi iwe nadhifu.

Mama Kavata, lile bawa lilikimbia. Lilifumuka trrr mbele ya macho yangu, mzunguko baada ya mzunguko, pamba ikanimwagikia magotini, na mimi nazidi kuvuta nikidhani litasimama mahali. Nilibaki na uzi mikononi na kisu mdomoni. Wanawake waliokuwa wakianika nguo za watoto waliniona. Mmoja alipiga yowe, "Uui! Amechonga bawa! Jamani, mwanaume huyu amechonga uzi!" Habari ikafika wodini kabla yangu. Nilipoingia nimebeba yale matambara, wewe, uliyekuwa hujatoa hata tabasamu tangu ulipozaa, ulicheka. Ulicheka umeshika tumbo kwa mikono miwili, unasema, "Usinichekeshe, naumia, usinichekeshe," na machozi yanakutoka, na sikujua ni ya kicheko peke yake au yale mengine nayo yamepata njia. Mimi yangu nilijua ni yepi. Nilikuwa naogopa. Mtoto anahema kule, na kitu chake kimenifumukia mikononi.

Mama wa kitanda cha pili, mwenye moyo mzuri, akasema, "Lete, baba, nikumalizie, mimi najua." Nikataka kumpa. Wewe ukasema hapana. Ukanionyesha mahali pa kukaa, ukingoni mwa kitanda, ukaniambia, "Hicho kisu kipe mama yako." Nikampa. Kisha ukanifundisha kwa mdomo tu, kwa sababu mkono wako mmoja walikuwa wameufunga mpira wa maji ya mshipa na wa pili umechoka. "Shika legevu. Si unaua nyoka. Ingiza. Chukua uzi. Vuta. Tena." Nikikosea, unasema, "Rudi," nami narudi nyuma nafumua mpaka pale nilipopotea, halafu "Sasa twende." Uzi niliokuwa nimeukata ulikuwa vipande vipande, ikabidi niunge kwa mafundo, na kila fundo likabaki alama. Tulipomaliza uliliweka lile bawa kando ya yale yako. Ukasema, "Huyu kipepeo wetu ameugua ndui upande mmoja." Kisha ukanishika vidole, vyote kwa pamoja, hukuviachia. Sijawahi kushikwa hivyo na mtu mwingine.

Mabawa yakashonwa mwilini, kipepeo akaoshwa kwa sabuni, akaanikwa kwenye ua wa hospitali. Na mbuzi wa Mutomo unawajua, hawana adabu wala dini. Mama yangu alisimama pale juani na fimbo, mzee wa watu, anamlinda kipepeo dhidi ya mbuzi, na kila mbuzi akikaribia anamwita kwa majina ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Jua la kwetu halikutuangusha. Alikauka haraka.

Wakakuleta kwa kiti cha magurudumu. Sista akasogea pembeni. Nilimfunga kipepeo kwa kamba yake kwenye kishikio cha lile sanduku, nje, upande aliogeukia mtoto, nikainama mpaka pua yangu ikagusa kioo nikamwita. "Kavata." Jina la mama yangu, kama inavyompasa msichana wa kwanza. Mama yangu pale nyuma akaitikia, "Niko hapa," kwa sauti ya kukatika, na ikawa sawa tu, maana walikuwa wameshakuwa wawili. Wewe ulisema, "Kavata, Kavata, Kavata," kama mtu anayeonja. Nilikutazama. Kwa mara ya kwanza ulikuwa na mtu wa kumwita.

Hakuna muujiza uliotokea siku ile. Aliendelea kuhema vile vile, haraka na kupumzika. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Lakini tuliacha kunong'ona tukiwa karibu naye. Wodi nzima ilimjua jina. Hata mfagiaji alikuwa akipita anauliza, "Kavata ameamkaje?" Na ikafika siku sista akaja kwetu amevua miwani, akasema, "Kavata amenyonya." Ulipiga vigelegele wewe, na mshono wako tumboni, wakakugombeza.

Tulimleta nyumbani na kipepeo wake. Nikawa namwita Mwaitu, mama yangu, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu, na wewe ukawa unaniambia ninamdekeza mama mkwe wako mara mbili. Alimtafuna yule kipepeo alipoota meno, akamburuta kwenye vumbi, akaenda naye hadi shule kwa siri. Mwishowe panya alimla bawa moja. Na ujue lilikuwa mojawapo ya yako, laini, tamu. Langu panya alilijaribu akaliacha. Lilikuwa gumu mno.

Sasa nikwambie ya leo.

Nakukosa. Sitaki kulizungusha hili. Nakukosa asubuhi kuliko wakati mwingine, ninapoamka nikiwa na jambo la kukuchokoza nalo na nikakuta ni mto. Vitambaa vyako nimevitunza. Nilijaribu hata kuvitia maji ya sukari ili vikakamae kama ulivyokuwa ukifanya, nikazidisha sukari, na sisimizi wa Mutomo yote wakahamia kwenye viti. Mchungaji alikuja kunitembelea akakaa juu yao. Kuna watu wananiambia nioe, ati nyumba inataka mama. Nawaambia nyumba hii ina mama, ametoka tu. Mikono yangu siku hizi haiwezi tezo muda mrefu, kwa hivyo mchana nakaa hapa kibandani na sindano, nafuma. Vijana wa sokoni wananicheka. Mimi nimechekwa na wodi nzima, hawa ni akina nani?

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaninyima usingizi, nacho sikumwambia mtu. Jina lako. Tangu Kavata alipozaliwa hakuna aliyekuita kwa jina lako, si mimi, si majirani, si kanisani. Ulikuwa Mama Kavata, basi, na ulilipenda, ulilitembea nalo umeinua kidevu, na mimi sikutaka kukunyang'anya. Hata mazishini watu waliuliza, "Kumbe ndivyo alivyokuwa akiitwa?" Likaandikwa msalabani, mvua na jua vikaanza kulifuta. Nikawa nawaza, mtu niliyepigania jina la mtoto wake na sindano ya spoki, jina lake mwenyewe linaisha hivi.

Kavata aliolewa Kwa Vonza, hilo uliliona, ulicheza kwenye harusi. Mumewe Musyoki, mwalimu, kijana mtulivu. Mtoto wao wa kwanza akawa mvulana. Nikamshukuru Mungu, nikasubiri. Wa pili msichana, akachukua jina la mama yake Musyoki, maana utaratibu ndio huo, msichana wa kwanza ni wa upande wa baba, wa pili ndiye wa upande wetu. Nikamshukuru Mungu, nikasubiri. Wa tatu mvulana tena! Hapo shukrani yangu, nisamehewe, ilikuwa ndogo kidogo. Nilidhani wamefunga ukurasa. Sikusema neno. Nani anamwambia binti yake azae ili yeye apate kumwita mkewe?

Na Jumapili hii, Mama Kavata, nimetoka kwao. Amejifungua msichana. Mnene, mwenye kelele, hakuhitaji sanduku lolote. Nilikwenda na kipepeo, nimemfuma mwenyewe, mwili na mabawa matatu, na la nne nikampa Musyoki aweke mkono wake. Mwalimu na digrii yake alitoa jasho. Waliketi watu wa kwao na wa kwetu, mchungaji akaomba, na alipouliza mtoto anaitwa nani, Kavata aliinuka. Alikuja akaniwekea mtoto mapajani. Akasema, "Baba, huyu mwite wewe."

Nilimtazama usoni, nikafungua mdomo, na lile jina lako ambalo ulimi wangu haukulibeba tangu tukiwa vijana likatoka lote, kwa sauti, mbele ya watu.

"Syombua," nikaita.

Nawe, pale mapajani mwangu, ukaitika kwa kilio kikubwa.

Mume wako akupendaye,
Baba Kavata